Mtoto njiti akilazwa: maswali ya wodini na majibu yake

Maswali haya hurudi kila mara kwa akina mama wenye watoto njiti katika hospitali zetu za Tanzania. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Wa wiki 35 na wa wiki 28 wote huitwa hivyo, lakini hali zao hazifanani hata kidogo, kwa hiyo usimpime mwanao kwa mtoto wa kitanda cha jirani.

Mbona amewekewa vimirija puani, na ile chupa inatoa mapovu?

Ndani ya mapafu kuna utelezi uitwao safaktanti, unaozuia vifuko vya hewa visishikamane mtoto anapotoa pumzi. Huanza kutengenezwa mimba ikiwa na wiki 24 hivi, na hutosheleza ikikaribia wiki 34 au 35. Aliyetoka mapema huhangaika: pua zinatanuka, anaguna, mbavu zinabonyea. Vimirija vile husukuma hewa kwa mgandamizo mdogo ili vifuko visifunge, na mapovu ndiyo dalili kwamba mgandamizo upo. Yakikoma, mwite muuguzi.

Nimeambiwa anaweza kusahau kupumua. Ni kweli?

Kweli kabisa. Sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi bado ni changa. Akizidisha sekunde 20 bila kupumua, au akibadilika rangi, ni dharura. Muuguzi humsugua nyayo au mgongo, na mara nyingi anaanza tena mwenyewe. Hupewa pia dawa ya kafeini, na isipokuwepo, aminofilini. Ndiyo, ni kafeini ileile iliyomo kwenye kahawa, lakini kwa kipimo cha daktari. Bibi asije na chupa ya kahawa wodini.

Nikikamua napata matone tu. Nimwanzishie maziwa ya kopo?

Usikimbilie huko. Matone hayo ya njano, dang'a, yamejaa kinga, na tumbo la mtoto huyu halihitaji mengi: siku za mwanzo hulishwa mililita chache tu kila baada ya saa mbili au tatu. Zaidi ya hapo, maziwa ya mama hupunguza hatari ya ugonjwa mbaya wa utumbo unaowaandama njiti, ambapo tumbo huvimba na sehemu ya utumbo huweza kuoza. Maziwa ya kopo hayana kinga hiyo.

Anza kukamua mapema, ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na ukamue angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Wanaoruka usiku ndio wanaolalamika wiki ya pili kwamba maziwa yamekauka. Nawa mikono, kanda titi taratibu, bana nyuma ya sehemu nyeusi wala si chuchu yenyewe.

Hata kama anaonekana kunyonya kidole, kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu na wiki 34 za umri wa mimba, ukijumlisha wiki za tumboni na za tangu azaliwe. Kabla ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni: muuguzi huhakiki kwanza kwamba ncha yake iko tumboni, kisha humimina maziwa kwenye bomba la sindano lililotolewa kisukumio na kuliinua, yashuke yenyewe polepole. Baadaye hufuata kikombe, kisha titi.

Kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, si ni njia ya hospitali zisizo na mashine?

Ilianza hivyo, Bogotá nchini Colombia mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano zikiwemo Tanzania na Malawi, ulionyesha kuwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie, walipungukiwa na vifo kwa asilimia 25 hivi. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe katikati ya matiti, miguu ikunjwe kama ya chura, uso ugeukie upande mmoja, na kidevu kiinuke kidogo ili shingo isijikunje. Funga kitenge kiwe imara, ukingo wa juu uishie chini ya sikio. Baba pia anaweza, na wodi zinazomwachia dirishani zinapoteza kifua cha bure.

Uzito umeshuka. Hashibi?

Wiki ya kwanza kushuka hadi asilimia 10, au hata 15 kwa wadogo sana, hutarajiwa. Wengi huurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi.

Ana manjano. Nimwanike juani?

Hapana. Anahitaji taa maalumu ya bluu, macho yakiwa yamefunikwa. Juani atapoteza joto au ataungua.

Tutaruhusiwa lini, na likizo yangu je?

Akipumua bila msaada, akitunza joto kifuani, akinyonya au kunywa kwa kikombe na uzito ukipanda mfululizo. Uliza kabla ya kuondoka kuhusu uchunguzi wa macho, kwani mishipa ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya njiti, hasa aliyetumia oksijeni, inaweza kukua vibaya kimyakimya. Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2025: likizo ya uzazi ya mama wa njiti huongezwa kwa muda uliobaki hadi wiki 40 za mimba zitimie.

Chanjo na ukuaji vihesabiwe kuanzia lini?

Chanjo hufuata tarehe aliyozaliwa, ingawa ya kifua kikuu inaweza kusubiri uzito. Kukaa, kutambaa na kusimama hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa: aliyewahi kwa miezi miwili, akiwa na miezi minane mtazame kama wa sita.