Anayekusafisha meno kamaliza chuo juzi: ajue nini?

Mama mmoja wa Ngamiani, muuza mahamri na mbaazi, alikuja kusafishwa meno akakuta anayemsubiri ni binti aliyemaliza chuo mwezi uliotangulia. Akanivuta pembeni: "Mwanangu, huyu si mtoto? Kazi anaijua?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nasimamia wahitimu wapya wa afya ya kinywa hapa Tanga, na maswali ya namna hiyo nayapata kila mara.

Kwani huyu si daktari wa meno?

Si lazima awe daktari. Usafi wa kinywa ni taaluma inayojitegemea. Ilianzia Marekani, mjini Bridgeport, ambako daktari Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman mwaka 1906, kisha akafungua shule mwaka 1913. Hapa kwetu kazi hiyo mara nyingi hufanywa na tabibu wa meno, ambaye ngazi yake ni chini ya daktari.

Mbona ananiuliza habari za sukari na presha, nami nimekuja kwa meno?

Mimi humpima mhitimu hapo kabla ya pengine popote. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zenye maradhi nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda anaweza kutoka damu kwa muda mrefu. Mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi, na wengine huacha kabisa kupiga mswaki kwa kuogopa damu, wakati ndipo wanapouhitaji zaidi. Mhitimu anayeshika kifaa kabla ya kuuliza haya, namsimamisha.

Nitajuaje kama mkono wake umefundishwa?

Tazama kidole chake cha pete. Kifaa hushikwa kama kalamu, na kidole hicho hukaa imara juu ya jino la jirani, ili ukishtuka mkono wake uende pamoja na kichwa chako na ncha isichome fizi. Kabla ya kukwangua atapitisha kati ya jino na fizi kisindano butu chenye alama za milimita. Fizi yenye afya hupokea milimita 1 hadi 3. Ikifika 4 na kuendelea, tena damu ikitoka, huenda pana mfuko uliojificha, nao hausafishwi kwa kuangalia juu juu. Pia awe anajua kunoa. Kifaa butu hakiung'oi ugaga, yaani uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, kinausawazisha juu tu: jino linang'aa, maradhi yanaendelea chini kwa chini.

Nasikia kusafisha kunalegeza meno.

Hofu hii imewafukuza watu wengi kliniki, na inaniuma. Ugaga ni utando wa bakteria uliogandishwa na madini ya mate. Ukikaa miaka, fizi huvimba na mfupa unaolishika jino huliwa polepole. Wakati huohuo ugaga wenyewe umeyashikanisha meno kama saruji. Siku ukiondolewa, ulegevu uliokuwapo zamani ndiyo unaonekana, na lawama inamwangukia aliyesafisha. Kwa hiyo anatakiwa akueleze hayo kabla hajaanza. Akikueleza baadaye, unaona anajitetea.

Na usafi wa vifaa?

Vioshwe kwanza, kisha viingie kwenye mtungi wa mvuke: nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, au 134 kwa angalau dakika 3. Kuloweka kwenye dawa peke yake hakutoshi. Glavu ni mpya kwa kila mtu, na yeye mwenyewe awe amechanjwa homa ya ini aina ya B. Mwambie afungue pakiti mbele yako. Hutakuwa umemkosea adabu.

Meno yangu ya kahawia yatakuwa meupe?

Kama ulikulia Arusha au kandokando ya Meru na Kilimanjaro, huenda ni madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji uliyokunywa utotoni. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe. Asiyelijua hilo atakwangua hadi achoke, na atamfedhehesha mtu msafi.

Mjukuu ana homa na anaharisha, wanasema ana meno ya plastiki.

Hakuna meno ya plastiki. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ni meno ya utoto yanayojiandaa kuota. Kuyachimbua kunaweza kumuua mtoto kwa kutoka damu au kwa maambukizi, na kuharibu meno ya ukubwani yaliyo chini yake. Homa na kuharisha vipelekwe kituo cha afya. Mhitimu ayaseme haya kwa heshima, maana bibi aliyemleta mtoto amemleta kwa mapenzi.

Kuna kitu anapaswa kukiona hata kama sikukijia?

Kipo. Anyanyue ulimi wako, avute mashavu, atazame kila upande, hasa kwa watumiaji wa tumbaku na wala tambuu yenye popoo. Kidonda kisichopona wiki 2 kiende kwa daktari, pamoja na doa jeupe au jekundu lisilofutika.

Atanifundisha kupiga mswaki? Napiga tangu utotoni.

Yule mama wa mahamri alisema hivyohivyo. Binti akamwamkia upya, "Shikamoo mama," akampa kioo na mswaki, akamwomba apige kama nyumbani. Mama akapiga kwa nguvu, nje kote. Nyuma ya meno ya mbele ya chini hakugusa, na hapo ndipo mate humwagika na ugaga hujenga haraka. Binti hakumkosoa. Alimshika kifundo cha mkono, akausimamisha mswaki wima, wakasugua pamoja taratibu. Kisha akamwambia ateme povu asisukutue kwa maji mengi, ili floridi ya dawa ibaki kwenye meno, na kwa mjukuu wa miaka 2 atie dawa kiasi cha punje ya mchele.

Mama alipita ndani ya meno yale kwa ulimi, akanyamaza kidogo. "Kumbe huku nako kuna meno," akasema, akaomba wajaribu tena.