Frimasoni na wanawake: la barazani na la kweli

Kaa Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe Zanzibar, na kikombe cha kahawa, hukosi kusikia: "Mwanamke haingii Frimasoni," yaani kile chama cha udugu chenye siri zake. Ni nusu ya ukweli. Katiba ya Frimasoni ya James Anderson, iliyochapishwa London 1723, iliwakataza wanawake waziwazi, na Lodji Kuu ya Uingereza (chombo kinachosimamia lodji, yaani matawi, za wanaume huko) haiwapokei hadi leo. Lakini Frimasoni haina makao makuu ya dunia nzima. Kila lodji kuu hujiamulia nani aingie, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Ufaransa, lodji ya wanaume ya Le Pecq ilimpokea Maria Deraismes, mtetezi wa haki za wanawake, mwaka 1882; mwaka 1893 akashiriki kuanzisha Le Droit Humain, chama cha wake kwa waume. Uingereza viko vyama viwili vya wanawake watupu. Kikongwe kilianza 1908 (awali kilikuwa na wanaume pia, ajabu yake), na daraja zake ni zilezile tatu: mwanagenzi, fundi, fundi mkuu. Mwaka 1999 Lodji Kuu ya Uingereza, ya wanaume, ilikiri kuwa utaratibu wa vyama hivyo vya wanawake ni sahihi, isipokuwa suala la jinsia.

Eastern Star, chama cha Marekani, ni jambo jingine: kinapokea wanawake, ila si lodji ya Frimasoni. Na anayekutaka umrushie "ada ya kujiunga" kwa simu ni tapeli tu, uwe mke au mume.