Kumfundisha kutotumia mabavu kijana wa Kitibeti aliyeshiba mahubiri ya amani

Mtoto wa Kitibeti aliyezaliwa uhamishoni Dharamsala, mji wa kaskazini mwa India anakoishi Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, au katika makazi ya wakimbizi ya Bylakuppe kusini mwa India, huanza kusikia habari za amani kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Picha ya Dalai Lama anaiona nyumbani, shuleni na dukani. Desemba 10, siku kiongozi huyo alipokabidhiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1989, huadhimishwa kila mwaka. Kwa hiyo mkufunzi anayeingia ukumbini na kuanza na "vurugu ni mbaya, amani ni njema" amekwisha kuwapoteza wanafunzi ndani ya robo saa. Watamsikiliza kwa adabu, maana ndivyo walivyolelewa, lakini hakuna kitakachoingia.

Sisi tunaofundisha amani katika kambi za wakimbizi za Kakuma au Nyarugusu huanza na watu waliogombana ambao hawana budi kuchota maji bomba moja. Kwa Watibeti mpinzani mkuu, serikali ya China, yuko ng'ambo ya Himalaya, na wengi wa vijana hawa hawajawahi kumwona. Hesabu iliyofanywa na jamii yenyewe mwaka 2009 ilikuta Watibeti 127,935 nje ya Tibet, wakiwemo 94,203 India na 13,514 Nepal. Ni jamii ndogo, imetawanyika, na vijana wake huuliza swali moja kwa sauti au kimoyomoyo: tumekaa kwa amani tangu wazee wetu walipokimbia Tibet mwaka 1959, tumepata nini? Somo lisilojibu swali hilo ni hotuba tu.

Lengo na njia ni vitu viwili

Kosa linaloharibu warsha nyingi ni kuchanganya Njia ya Kati na kutotumia mabavu. Njia ya Kati, ambayo Watibeti huiita Umaylam, ni sera: kudai mamlaka halisi ya ndani chini ya dola la China badala ya uhuru kamili. Dalai Lama aliiweka wazi mbele ya dunia alipozungumza Washington Septemba 1987 na Strasbourg Juni 1988. Wapo wanaoikataa na kusimamia Rangzen, yaani uhuru kamili, na jumuiya yao kubwa ya vijana, Tibetan Youth Congress, ipo tangu 1970. Mfuasi wa Rangzen anaweza kushika kutotumia mabavu barabara kuliko mtu wa Umaylam anayempiga mdogo wake makofi. Mkufunzi akizungumza kana kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja, nusu ya ukumbi itaona imeletewa kampeni ya kisiasa, na itakuwa na haki.

Dawa yake ni rahisi. Bandika karatasi kubwa kwenye kuta mbili zinazotazamana, moja imeandikwa "Tunataka nini?" na nyingine "Tutakipataje?" Kila mmoja anaandika vipande viwili vya karatasi na kuvibandika mwenyewe, bila jina. Dakika 20 zinatosha. Kisha kundi lote lipite na kuhamisha vilivyokosea ukuta. "Maandamano" na "kugoma kula" mara nyingi hujikuta upande wa malengo, jambo ambalo peke yake linafaa kuzungumzwa. Ukuta wa kwanza unaachwa ulivyo, kwa kuwa mkufunzi hana kura katika suala hilo. Kazi yake iko ukuta wa pili.

Historia isisafishwe

Kuna toleo la historia ambamo Watibeti ni watu wapole walioonewa na wakasamehe. Kijana mwenye simu atalibomoa jioni hiyohiyo. Chushi Gangdruk, jeshi la kujitolea la wapiganaji wa Kham na Amdo, maeneo ya mashariki ya Tibet, liliundwa Juni 1958. Kuanzia 1960 wapiganaji walikuwa na kambi Mustang, upande wa Nepal, kwa msaada wa shirika la ujasusi la Marekani. Vita vya India na China vilipozuka mwaka 1962, India iliunda kikosi maalumu cha mpakani chenye askari wa Kitibeti, na kikosi hicho kilipigana katika vita vya 1971 vilivyozaa Bangladesh. Mustang ilifungwa 1974, baada ya Dalai Lama kuwapelekea wapiganaji ujumbe wa sauti uliorekodiwa akiwaomba waweke silaha chini. Baadhi yao walijiua kuliko kuzikabidhi.

Katika darasa lolote la Watibeti wa India kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja ana babu au mjomba aliyevaa sare ya kikosi hicho cha mpakani. Ukiwaita wazee hao watu wa vurugu, umemtukana babu wa mtu. Ukiwaruka kimya, umedanganya.

Ninachopendekeza ni kadi kama 14, kila moja na mwaka na tukio, zikiwemo hizo za silaha pamoja na maandamano ya Lhasa ya 1987 hadi 1989, mazungumzo ya duru tisa kati ya wajumbe wa Dalai Lama na Beijing yaliyoanza 2002 na kukatika 2010, na machafuko ya Machi 2008. Vikundi vya watu wanne wanne vinapanga kadi sakafuni, kisha vinajibu maswali yaleyale kwa kila moja: nani alitakiwa abadilike, kwa shinikizo gani, gharama ililipwa na nani, na kilipatikana nini.

Hapa ndipo mkufunzi mwenye haraka anapoteleza. Atasema: silaha zilishindwa, kwa hiyo amani ni bora. Kijana mwerevu atamjibu kwamba duru tisa za mazungumzo nazo hazikumrudisha mtu nyumbani. Ni kweli, na ni afadhali likasemwa na mkufunzi mwenyewe mapema. Hoja yenye miguu ni nyembamba zaidi: jamii ya watu laki moja na ushei isiyo na ardhi, inayoishi kwa hisani ya nchi nyingine, ina vitu gani vya kushinikizia, na mabavu yanaviongeza au yanavipunguza? Kadi ya 2008 hufundisha vizuri hapo. Machi 14 maduka ya Wachina wa Han na Waislamu wa Hui yalichomwa Lhasa na watu wakafa. Televisheni ya serikali ya China ikazirusha picha hizo mara kwa mara, na kukamatwa kwa watawa waliokuwa wameandamana bila fujo siku chache kabla kukafunikwa. Dalai Lama alitangaza kwamba angejiuzulu uongozi wa kisiasa endapo vurugu zingeendelea.

Mdahalo wa kimonasteri, chombo kilichopo tayari

Sielewi kwa nini wakufunzi wa kigeni huleta michezo kutoka Ulaya wakati Watibeti wana mtindo wa kubishana ulionolewa kwa karne nyingi. Mjibuji anakaa chini. Mwulizaji anasimama, anatoa hoja, na anapofika mwisho anapiga kofi la nguvu na kukanyaga mguu. Mjibuji haruhusiwi kuhutubia. Majibu yake ni mafupi na yamehesabika: nakubali, sababu yako si kweli, au sababu ni kweli lakini hitimisho halifuati. Akijikanganya, mwulizaji anamrudisha kwenye alichokwisha kukikubali.

Mtindo huu unafaa kwa sababu mbili. Unaruhusu ukali wa sauti bila uadui, na unamzuia kijana kukimbilia maneno matakatifu ya wazee badala ya kufikiri. Wapange wawili wawili, dakika saba kila upande, na mtu wa tatu awe mwandishi wa yaliyokubaliwa. Mada ya kuanzia ichukuliwe kwenye kisa wanachokijua: nahodha wa meli, ambaye ni Buddha katika maisha yaliyotangulia, anamuua mnyang'anyi mmoja ili kuokoa wafanyabiashara 500. Mtaleta au hamtaleta kisa hiki, kijana atakileta mwenyewe, na atauliza: kama yeye aliua, mimi nazuiwa nini?

Usimjibu. Mwache mwulizaji avunje kisa vipande vipande. Nahodha alijua kwa hakika kitakachotokea, hakuwa na njia nyingine, alimhurumia hata mnyang'anyi asije akabeba dhambi ya mauaji 500, na alikuwa tayari kubeba adhabu ya karma mwenyewe. Je, anayerusha jiwe kwenye gari la polisi ana yote manne? Mjadala hukwama kwenye sharti la kwanza, hakika, na hapo pana utajiri wa saa nzima.

Hoja ya pili ya kuweka mezani ni ya Shantideva, mwanazuoni wa karne ya 8 wa Nalanda, chuo cha Kibuddha cha India ya kale: hatuikasirikii fimbo iliyotupiga bali aliyeishika, na kama aliyeishika naye anasukumwa na chuki, basi ikasirikiwe chuki. Vijana huitikia kwa kichwa halafu mmoja anauliza kama hiyo ina maana polisi hana hatia. Mkufunzi ashike mstari hapa. Kumwelewa mtendaji hakufuti kitendo, na anayetaka kumzuia mwenye fimbo bado ana kazi ya kumzuia. Pasipo ufafanuzi huo, somo linageuka kuwa mafunzo ya kuvumilia uonevu, na wasichana ndio wa kwanza kulibebeshwa majumbani.

Mwili nao ufundishwe

Mtu anaweza kushinda midahalo yote na bado akarusha ngumi teksi ikimkwaruza. Ndiyo maana nusu ya muda iende kwenye mazoezi ya kusimama. Kundi la watu 24 ligawanywe mistari miwili inayotazamana, hatua moja na nusu kati yao. Mstari A umepewa tukio: dereva wa mtaani anakufokea "rudini kwenu". Mstari B ni dereva. Dakika mbili, si zaidi, kisha filimbi na kila mtu agande alivyo. Watazame mikono, mabega, umbali. Duru ya kwanza ni vicheko, msiihesabu. Ya pili hufichua mambo, na ya tatu wanabadilishana nafasi.

Tukio la aina hiyo si la kubuni tu. Aprili 1994 ugomvi wa vijana Dharamsala uliishia kwa kijana mwenyeji kuchomwa kisu na Mtibeti na kufa. Kundi la watu likavamia mali za Watibeti, na Dalai Lama akasema yuko tayari kuuhama mji. Kisu kimoja kilitikisa makao ya jamii nzima. Vijana wengi wa sasa hawajui habari hii, na ikisimuliwa bila kuwalaumu inafanya kazi kuliko nukuu yoyote.

Yanayoharibika: zoezi likipita dakika tatu, hasira ya kuigiza huwa ya kweli. Wakigusana, simamisha. Waliokuja kutoka Tibet wakiwa wakubwa wasipangiwe kuigiza polisi wala mahabusu, kwani huenda wengine wamepitia hayo. Na kila duru iishe kwa kutoka kwenye uhusika: kila mmoja anataja jina lake halisi na kitu alichokula asubuhi. Linaonekana la kitoto. Lisirukwe.

Kuna zoezi jingine la kuchora msalaba mkubwa sakafuni kwa utepe wa gundi, mstari mmoja ukitoka "ni mabavu" hadi "si mabavu", mwingine "kinasaidia" hadi "hakisaidii". Unataja kitendo, watu wanasimama wanapoamini. Kuchoma bendera, kususia bidhaa, kugoma kula hadi kufa, kumpigia kelele mgeni wa serikali. Kitendo kimoja kisiwekwe kwenye msalaba huo: kujichoma moto. Tangu 2009 zaidi ya watu 150 wamefanya hivyo ndani ya Tibet, na kuwalazimisha vijana wasimame upande ni kuwahukumu marehemu mbele ya watu, mbali ya kwamba aliyemo ukumbini akiwa na mawazo ya kujiua hawezi kusema. Mada hiyo ina kikao chake, vikundi vidogo, mshauri nasaha akiwepo, bila picha, bila maelezo ya namna ilivyofanyika, na bila kuwaita mashujaa wala wakosaji.

Barabarani, na sheria ya mahali

Machi 10 kila mwaka, kukumbuka uasi wa Lhasa wa 1959, maandamano hushuka kutoka McLeod Ganj, kitongoji cha juu, hadi Dharamsala ya chini. Ni darasa zuri la wasimamizi. Kwa kila watu 50 nahitaji wasimamizi wawili pembeni, mmoja wa kuongea na polisi, mmoja wa maji na huduma ya kwanza, na mmoja asiyeandamana kabisa, anayebaki na orodha ya majina, namba ya wakili na dawa za wenye maradhi. Jiwe likirushwa, kanuni ni moja: wote wanakaa chini mara moja. Aliyerusha anabaki amesimama peke yake na wasimamizi wanamfikia. Hili lifanyiwe mazoezi mara tatu. Likisemwa tu, halifanyiki.

Delhi ni habari nyingine, kwa kuwa ubalozi wa China haukaribiki na anayejaribu hukamatwa. Kisheria kijana wa Kitibeti nchini India kwa kawaida ni mgeni mwenye cheti cha usajili cha kuhuishwa, na kesi ya polisi inaweza kukwamisha karatasi zake. Nepal hali ni ngumu zaidi, vijana wengi hawana hati yoyote. Huko mkufunzi anayefundisha kuziba barabara anawachezea wenzake maisha. Afundishe mbinu za chini: Lhakar, kwa mfano, ile desturi iliyoenea baada ya 2008 ya kuiweka Jumatano kuwa siku ya kusema Kitibeti kitupu, kuvaa chupa, yaani joho la asili la Kitibeti, na kununua kwa Mtibeti. Nayo huchuja haraka ikibaki picha za mavazi mtandaoni, hivyo dai sharti moja linalogharimu, kama kutoongea Kihindi na rafiki wa karibu siku nzima.

Siku ya mwisho kila kikundi kinaandika mpango wa ukurasa mmoja: nani abadilike, afanye nini, lini, na tutajuaje. Karatasi yenye "China" kwenye nafasi ya kwanza irudishwe bila huruma. Yenye "mkuu wa chuo chetu akubali cheti cha usajili kwenye fomu ya maombi kabla ya Juni" ipokelewe. Baada ya wiki sita warudi na karatasi hiyohiyo, na swali la kwanza liwe ni nani waliyekwenda kuonana naye ana kwa ana. Wasio na jina la kutaja wapewe wiki mbili nyingine, na mtu wa kufuatana nao.