Mikwaruzo Ibaki, Kibali Kiombwe

Filamu za hali halisi za miaka ya 1970 na 1980 kuhusu migomo, kazi za wanawake na Waaborijini walivyotumikishwa Australia zinazidi kukarabatiwa, na waombaji wa kibali cha kuzionyesha wanaongezeka, wakiwemo wa vikundi vya wasemaji wa Kiswahili waishio huko. Hilo linatufurahisha sisi tunaozikarabati. Malalamiko nayo yanaongezeka: picha bado ina mikwaruzo, na kwa nini kitu kilichokwisha kukarabatiwa kisiwekwe intanetini kila mtu akajichukulia.

Tuanze na mikwaruzo. For Love or Money (1983), inayosimulia kazi za wanawake wa Australia, zenye ujira na zisizo na ujira, imeungwa kwa vipande vingi vya picha za zamani, na vingine vilikuwa vimechakaa tangu vilipookotwa. Mkwaruzo uliokuwamo siku filamu inakamilika ni sehemu ya filamu. Uliotokana na projekta baadaye ndio unaofutwa. Fundi huutambua kwa kutazama maungio: mkwaruzo wa baadaye hupita moja kwa moja kutoka kipande hiki hadi kinachofuata, ila ule wa zamani huanza na kuisha pamoja na kipande chake. Kumwomba afute yote ni kumwomba atengeneze filamu nyingine.

Kazi haianzii kwenye nakala iliyozungushwa mashuleni. Tunatafuta negativu, yaani mkanda wa asili ambao nakala huchapwa kutoka kwake, ambayo kwa mkanda wa milimita 16 mara nyingi imegawanywa katika mikanda miwili, A na B: kipande kimoja huku, kinachofuata kule, na katikati mkanda mweusi. Yote miwili huskaniwa, kisha huunganishwa. Filamu ya saa moja ina fremu, yaani picha moja moja, 86,400, kwa hiyo anayeuliza kama itakuwa tayari wiki ijayo hajapiga hesabu. Rangi hupangwa upya kipande kwa kipande, na nakala ya zamani si mwongozo wa kutegemea: rangi ya samawati ndiyo hufifia kwanza, sura zote zikabaki za waridi. Sauti ikipatikana kwenye nakala ya onyesho peke yake, ujue iko fremu 26 mbele ya picha yake. Aliyekata fremu zilizochanika mwaka 1985 alikata pia maneno ya picha inayokuja sekunde moja baadaye, ndiyo maana msemaji anaruka neno ilhali picha yake ni nzima.

Mkanda wa asetati, plastiki ya filamu za zamani, ukikaa kwenye joto na unyevu hutoa harufu ya siki. Fungua kopo, utaipata puani kabla hujaona kitu. Sisi hufungia ndani ya kopo kikaratasi cha bluu: kikigeuka kijani kuoza kumeanza, kikiwa njano mkanda uko taabani. Asidi hiyo huharakisha kuoza kwa kilichobaki na huathiri makopo ya jirani. Mkanda pia husinyaa, na kusinyaa kukizidi kama asilimia 1 matundu ya pembeni hayaoani tena na meno ya projekta. Basi ukikuta kopo kwenye stoo ya chama cha wafanyakazi au ya kanisa, usiliweke kwenye projekta ili “kuona tu kuna nini”. Litenge na mengine, liweke pakavu penye ubaridi, nakili maandishi yote yaliyo juu yake, kisha lipeleke hifadhi ya filamu.

Sasa kibali, jambo ambalo tumelieleza hadi tumechoka. Ukarabati haubadilishi umiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Australia ya 1968, filamu iliyotolewa 1983 inalindwa hadi mwisho wa 2053. Kiingilio cha bure hakikutoi kwenye sheria. Ukumbi wa jumuiya ni hadhara hata kama waliohudhuria wote mnajuana. Mafunzo ya darasani yana msamaha wake. Mkiukaji anaweza kudaiwa fidia mahakamani, na anayefanya biashara ya nakala haramu anaingia kwenye jinai, ambako kifungo chaweza kufika miaka 5. Hatumtishi mtu.

Kibali cha mwenye hakimiliki hakifuti kile cha jamii yenyewe. My Survival as an Aboriginal (1978) ya Essie Coffey inaonyesha watu wa Brewarrina, New South Wales, na wengi wa kizazi hicho wamefariki. Katika jamii nyingi za Waaborijini jina, sura na sauti ya marehemu havitolewi ovyo. Lile onyo la mwanzoni, kwamba filamu ina sura na sauti za marehemu, msilikate ili kuokoa muda, wala msichukue sura ya mtu mkaibandika kwenye tangazo la shughuli yenu bila kuuliza.

Manukuu ya Kiswahili, yale maandishi ya chini ya picha, nayo ni tafsiri, yanaombewa kibali. Yaletwe kama faili la maandishi la pembeni, yasichomewe kwenye picha: mistari 2, kila mmoja usiozidi herufi 42. Mfasiri awe makini na fedha. Lousy Little Sixpence (1983) inahusu watoto wa Kiaborijini waliotwaliwa na kupelekwa kwa wazungu, wasichana wakiwa mahausigeli. Mishahara ilishikwa na Bodi ya serikali, na wengi hawakuiona. Peni sita (sixpence) za jina hilo ni nusu shilingi, yaani thumni ya wazee wetu. Ukiandika “senti chache” umeufuta ushahidi.

Katika ombi taja jina la filamu, tarehe, ukumbi, idadi ya viti, kiingilio, na aina ya faili ambayo mtambo wenu unasoma. Jaribuni faili siku moja kabla. Projekta ipangwe 4:3 (upana 4 kwa kimo 3), isivutwe kujaza skrini pana. Nyuso zikionekana bapa, mpangilio ndio mbovu. Weusi utakaobaki kulia na kushoto si hitilafu, msitupigie simu.