Kukutana na ndugu Würzburg: yanayosemwa na yalivyo

Mwanza na Würzburg zina undugu wa miji tangu mwaka 1966, lakini mimi mzaliwa wa Mwanza niliuona mji huo wa Bavaria, Ujerumani, kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 39. Dada yangu anaishi huko, na mama alitaka kutuona watoto wake wote kwenye meza moja kabla magoti hayajamkatalia safari. Yeye alitoka Mwanza, kaka Muscat, mimi na binti yangu wa miaka saba Dar es Salaam. Wiki chache kabla ya safari, kila mtu kwenye kundi letu la WhatsApp alikuwa mjuzi wa Ujerumani. Mengi tuliyoambiwa hayakuwa kweli, na nayaandika kwa ajili ya familia nyingine inayopanga safari kama yetu.

“Ndugu akikuandikia mwaliko, viza umeshapata.”

Hapana. Barua ya mwaliko inaeleza tu unakwenda kwa nani na kwa nini. Chenye uzito ni tamko la kudhamini, ambalo Wajerumani wanaliita Verpflichtungserklärung. Mwenyeji analitia saini kwenye idara ya wageni ya mahali anapoishi, baada ya kuonyesha kipato chake. Akishasaini, gharama za mgeni wake, iwe malazi, matibabu au hata kumrudisha kwao, zinaweza kudaiwa kutoka kwake. Ndiyo maana usimlaumu ndugu anayesita. Dada alipeleka hati zake za mshahara, na usiku ule alinipigia simu akiwa na wasiwasi kweli.

Hata ukilipata tamko hilo, bado ni juu yako kuonyesha kwamba utarudi nyumbani: ajira, duka, pensheni, shamba, watoto unaowaacha. Mama alifunga faili lenye hati ya kiwanja na kitabu cha benki. Ongeza bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya hapo hawalipi. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa kawaida uamuzi hutoka ndani ya siku 15, ila kuna maombi yanayofika siku 45, kwa hiyo anayeanza mwezi mmoja kabla anajitafutia presha. Sisi tulianza kwa kuchelewa, kosa letu wenyewe, na tiketi ya mama ikabidi isogezwe mbele kwa gharama.

Ipo dhana nyingine inayokwenda sambamba na hii: kwamba viza ya Ujerumani inakufungia Ujerumani. Ni viza ya Schengen, inakupitisha nchi 29, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Unachotakiwa kuangalia ni idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye stika. Ikiwa ni mara moja tu, usiende London kumsalimia shangazi ukitegemea kurudi, kwa sababu Uingereza haimo katika Schengen.

“Ulaya ni baridi, bebeni masweta.”

Mama alibeba masweta manne. Tulifika Julai. Würzburg imezungukwa na mashamba ya mizabibu, na mizabibu inataka jua. Kitzingen, mji ulio jirani kabisa, ulipimwa nyuzi joto 40.3 mwaka 2015. Nyumba nyingi hazina kiyoyozi. Masweta hayakutoka kwenye sanduku.

“Ule ni mji mkongwe, umesimama vile vile tangu enzi.”

Hapa naomba nikae kidogo. Ukisimama kwenye daraja la kale la mto Main, kati ya sanamu za watakatifu, ukaona minara upande huu na ngome ya Marienberg kilimani upande wa pili, utaapa kwamba hakuna jiwe lililoguswa. Mimi niliamini hivyo kwa siku mbili nzima.

Jioni ya tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza ziliushambulia mji huu kwa muda usiozidi dakika 20. Watu wapatao 5,000 walikufa, na karibu asilimia 90 ya mji mkongwe ikaangamia, nyingi kwa moto. Haikubaki hata miezi miwili vita viishe Ulaya. Daraja lenyewe lilivunjwa kwa sehemu na wanajeshi wa Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukale unaoupiga picha ni kazi ya mikono ya watu waliokusanya vifusi na kujenga upya.

Ndani ya jengo la kale la halmashauri, Grafeneckart, kuna chumba cha kumbukumbu chenye mfano mdogo wa mji ulivyokuwa baada ya usiku ule: kuta bila paa, mtaa baada ya mtaa. Kuingia huko hakuhitaji saa nzima, na ningekuwa na uwezo ningemwanzisha hapo kila mgeni, kisha ndipo atoke akatembee. Dada alituambia kila mwaka tarehe hiyo kengele za makanisa hulia usiku kwa dakika 20. Mama, aliyekuwa akisifia mapaa tangu asubuhi, alikaa kimya, kisha akauliza wale waliobaki walilala wapi. Hatukuwa na jibu. Tulirudi kwa miguu polepole, na njiani akaanza kutusimulia habari za baba yake ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzisikia.

“Undugu wa Mwanza na Würzburg ni wa makaratasi.”

Alisema hivyo kaka. Lakini kiungo kikubwa kati ya miji hii ni tiba: Würzburg ina taasisi ya tiba ya kimisionari iliyoanzishwa mwaka 1922, na ushirikiano wake na hospitali ya Bugando ya Mwanza ni wa miaka mingi. Tena ni katika mji huu Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei, tarehe 8 Novemba 1895, na hakutaka kuikatia hataza, yaani haki ya kuumiliki ugunduzi huo peke yake. Mama amepigwa eksirei Bugando mara tatu kwa ajili ya kifua. Tulimpiga picha mbele ya jengo ambamo Röntgen aliigundua.

“Treni za Ujerumani zitawamaliza pesa.”

Zile za kasi, ukikata tiketi siku ya safari, ndiyo. Lakini kuna Bayern-Ticket: tiketi moja ya siku kwa watu hadi watano kwenye treni za kawaida za jimbo zima la Bavaria. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Tulikwenda nayo Bamberg na kurudi, wote watano.

La Jumapili nalitaja haraka: maduka hufungwa. Nunua chakula Jumamosi kabla ya saa mbili usiku, la sivyo utategemea mikahawa na vibanda vya stesheni. Na kuanzia saa nne usiku jirani anatarajia utulivu, jambo gumu kwa familia iliyokuwa haijaonana miaka sita.

“Majumba ya wakubwa wa Ulaya hayatuhusu.”

Nilidhani mama atachoka kwenye Residenz, kasri la maaskofu watawala lililobuniwa na Balthasar Neumann. Ngazi zake ni za vipandio vya chini, akapanda bila kushika mkono wa mtu. Juu yake liko kuba lisilo na nguzo hata moja katikati, lililostahimili usiku ule wa Machi. Paa la juu yake lilipoteketea, luteni wa Marekani, John Skilton, alihangaika kupata mbao za kuezekea kwa muda ili mvua isiharibu mchoro uliomo kwenye kuba.

Mchoro huo ni wa Tiepolo, mchoraji wa Italia, wa miaka ya 1752 na 1753, wenye ukubwa wa kama mita za mraba 600. Mabara manne yamechorwa pande nne. Afrika ni mwanamke mweusi juu ya ngamia, na karibu yake nyani anamnyonyoa mbuni manyoya. Tiepolo hakuwahi kufika Afrika.

Mama aliinua shingo muda mrefu. “Ngamia huyu wa wapi?” aliuliza. “Sisi tuna ziwa.” Akamwambia mjukuu wake achore Afrika nyingine. Binti yangu akakaa kwenye benchi la bustanini, akageuza ile tiketi ya Bamberg, akachora mtumbwi, sato watatu, na bibi mwenye khanga aliyeshika kafi. Ipo kwenye mlango wa friji la dada.