«Mwenye njaa atakuja mwenyewe» na makosa mengine ya kugawa sadaka

Iwe Majengo, Ndosho au Himbi, mitaa ya Goma, Jumapili ya sadaka ya wahitaji haipiti bila sentensi hii: «Mwenye shida ya kweli atakuja mwenyewe.» Mashemasi wanaisema, wamama wa huduma wanaisema, hata wachungaji. Ndiyo maana unga wa kanisa unaishia kwa watu walewale kila mwezi.

Anayekuja ni yule mwenye miguu ya kumfikisha, aliyesikia tangazo, anayejuana na shemasi. Mzee aliyepooza hayumo kwenye foleni. Mama aliyejifungua juzi hayumo. Na anayesahaulika kuliko wote ni yule aliyepokea wakimbizi. Ana nyumba ya mbao ya vyumba viwili juu ya mawe ya volkano, na machoni pa majirani yeye ni «mwenye nyumba». Kumbe tangu kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zilipoondolewa Februari 2025, shemeji yake na watoto wanalala sebuleni. Huyo aje kusimama mlangoni mwa kanisa akiomba unga mbele ya majirani? Haji. Atakopa dukani mpaka duka limkatae.

Tunapenda kuhubiri Matendo ya Mitume 6, lakini tunaisoma haraka. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Hakuna mtume aliyeuliza kwa nini wajane hao hawakujisogeza mbele. Walichaguliwa watu saba, na majina yote saba, kuanzia Stefano mpaka Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Inaelekea kazi walipewa watu waliojua milango ya hao waliosahauliwa.

Basi tembeeni. Watu wawili wawili, mmoja awe mama, na wote wawili wasiwe na undugu na nyumba wanayoingia. Nendeni mnamo saa kumi na moja jioni, saa ambayo nyumba nyingi zinapika chakula kimoja cha siku. Hamna haja ya kufunua sufuria ya mtu, hiyo ni aibu. Tazameni mbabula (jiko la mkaa) tu: ikiwa saa hiyo majivu ni ya baridi na makala (mkaa) hayapo, mmeshajibiwa nusu ya maswali.

Kisha ulizeni kwa adabu: «Mama, jana usiku walilala wangapi humu ndani?» Msiulize «familia yenu ni watu wangapi», maana hapo mmoja atawahesabia wanawe tu na kuwaacha wageni, mwingine ataongeza kijana aliyeko Kampala. Swali la pili ni walikula nini jana, na mara ngapi. La tatu, nani aliingiza pesa juma hili. Andikeni kwenye kaye (daftari), pamoja na watoto walio chini ya miaka mitano na mama mwenye mimba. Orodha ya shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) ichukueni, lakini kwa kulinganisha tu. Mbele ya kanisa someni vigezo, majina kamwe. Na baada ya miezi mitatu rudini upya, kwa sababu wageni wanahama na wengine wanapata kazi.

Hesabu hiyo ya waliolala si urasimu. Mgao wa dharura unaozoeleka ni gramu 400 za unga, 60 za maharagwe, 25 za mafuta na 5 za chumvi kwa mtu kwa siku. Nyumba iliyoandikwa watu 6 kwa siku 14 inapata kilo 33.6 za unga. Wakiwa 12 kwa kweli, unga unaisha siku ya saba, na siku ya nane mtasikia mtu akisema wale wageni walafi. Tena, kilo 33 bibi wa miaka sabini atazibebaje? Msipomlipia chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), atauza sehemu ya unga huohuo apate nauli. Maharagwe nayo yanakula makala. Toeni makala pamoja nayo, na mwambieni mama ayaloweke usiku kucha. Yakilowekwa yanaiva mapema zaidi. Maharagwe bila makala huwa yanarudi sokoni, halafu tunasema watu hawana shukrani.

Makosa mengine ni maneno kama haya. «Paulo alisema asiyefanya kazi asile.» Hakusema hivyo. Katika 2 Wathesalonike 3:10 neno ni *hataki*: mtu asiyetaka kufanya kazi. Aliyeacha shamba lake Masisi kwa sababu ya risasi anataka kulima, ila shamba haliko naye. Na anayependa kunukuu mstari wa 10 ashuke mpaka wa 13, palipoandikwa wasichoke kutenda mema.

«Neema haihesabiwi, kuhesabu ni kukosa imani.» Someni 2 Wakorintho 8:19-21: Paulo alisafirisha mchango pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asije akalaumiwa kwa fedha ile. Wahesabu wawili, sahihi mbili. Na kama mnatoa pesa mkononi, toeni noti nzima. Dola iliyochanika pembeni hakuna muuza duka wa Goma atakayeipokea, kwa hiyo mmempa mama karatasi.

«Picha inawatia moyo watoaji.» Mathayo 6:2-4 inasema sadaka itolewe kwa siri. Pigeni picha ya magunia.

«Tumpelekee mtoto mchanga maziwa ya unga.» Hapana, hata kama yametoka Ulaya. Yatakorogwa na maji ya Ziwa Kivu kwenye chupa isiyochemshwa, mtoto atahara, na titi la mama litapunguza maziwa kwa kukosa kunyonywa. Mlisheni mama: uji wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi) mara mbili kwa siku, na bido (dumu) ya maji safi aletewe mlangoni. Akiwa mama hayupo, au titi limekataa kabisa, mpelekeni mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, na shemasi alipe pikipiki.