Hiari na kadari: Mwislamu anachagua nini, na nini kimeshaandikwa?

Hiari, katika mafundisho ya Kiislamu, ni uwezo aliopewa binadamu wa kutaka jambo, kisha kulitenda au kuliacha, akijua kwamba ataulizwa. Kadari ni imani kwamba Mwenyezi Mungu analijua kila jambo kabla halijawa, ameliandika, na haliwi ila kwa kutaka kwake. Mtoto wa chuo cha Kurani hujifunza hili la pili mapema, maana ni nguzo ya sita ya imani: kuamini kadari, kheri yake na shari yake. Lile la kwanza mara nyingi huachiwa alijue mwenyewe ukubwani.

Matokeo yake tunayaona mitaani. "Siku ikifika imefika," anakwambia dereva wa bodaboda, na kofia ngumu kaining'iniza kwenye usukani badala ya kuivaa. Dereva huyohuyo, mwambie kwamba nauli atalipwa kama imeandikwa, uone kama atawasha pikipiki. Kadari tunaikumbuka panapotufaa.

Kurani yenyewe inayasema yote mawili bila kuona haya. Sura ya Al-Kahf, aya ya 29, inasema haki imetoka kwa Mola wenu, basi anayetaka na aamini, na anayetaka na akufuru. Ukifungua At-Takwir, aya ya 28 inamzungumzia anayetaka kunyooka, na aya inayofuata inasema hamtataka ila Mwenyezi Mungu atake. Aya mbili zinafuatana, na Waislamu wamezijadili kwa zaidi ya miaka 1,300.

Mjadala ulipamba moto Basra, mji wa Iraki, katika karne ya kwanza ya Hijria. Sahihi Muslim, kitabu mashuhuri cha hadithi, katika mlango wake wa imani, inamtaja Maabad al-Juhani kuwa wa kwanza kuizungumzia kadari katika mji huo. Yeye na wenzake walisema hakuna kilichopangwa kabla, mambo huanza yanapotendwa. Upande wa pili akatokea Jahm bin Safwan, aliyeona kwamba mja hana chake kabisa, anaendeshwa tu. Siasa nayo haikukaa mbali. Mtawala dhalimu anafurahi raia wakiamini kwamba dhuluma yake ni maandiko ya Mungu, na wanahistoria wengi huona kwamba baadhi ya watawala wa Bani Umayya, ukoo ulioshika dola ya Kiislamu wakati huo, waliipenda hoja hiyo kwa sababu hiyohiyo. Baadaye Muutazila, kundi la wanazuoni waliotegemea sana hoja za akili, wakashikilia kwamba binadamu huumba vitendo vyake mwenyewe, la sivyo itakuwaje Mungu mwadilifu amwadhibu kwa asichokifanya?

Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, alikuwa Muutazila kabla ya kuwageuka. Jibu lake ni kwamba Mungu ndiye anayekiumba kitendo, na mja ndiye anayekichuma. Mfano wanaoutumia wanazuoni wa njia yake ni wa mkono. Mkono unaotetemeka kwa homa na mkono unaounyanyua kwa kutaka, yote miwili ni misogeo, na yote imeumbwa na Mungu. Lakini kila mtu ndani ya nafsi yake anajua tofauti. Wa kwanza haukumuuliza, wa pili ameukusudia, na kwa kukusudia huko ndiko anakohesabiwa.

Wengi wa Waislamu wa pwani yetu, Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii) wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, wamelelewa katika mafundisho haya. Maibadhi wa Oman na Zanzibar, pamoja na tofauti zao nyingine na Masunni, katika hili wanakaribiana nao. Je, jibu hilo limemaliza swali? Kwangu bado. Na siko peke yangu: Waarabu wakitaka kusema jambo ni gumu mno kushikika, husema ni gumu kuliko "kuchuma" kwa al-Ash'ari.

Lakini Mtume hakuwaacha masahaba zake wafikie swali hili kwa falsafa. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kutoka kwa Ali bin Abi Talib kwamba walikuwa mazikoni, makaburi ya Baqi, Madina. Mtume akaja akaketi, wakakaa kumzunguka, naye ana kijiti anakwaruza nacho ardhi. Akawaambia hakuna kati yenu ila mahali pake peponi au motoni pameshaandikwa. Wakauliza swali ambalo yeyote angeuliza: basi si tutegemee maandiko hayo tuache amali? Akawajibu, "Fanyeni amali, kwani kila mmoja hufanyiwa wepesi wa kile alichoumbiwa." Kisha akasoma aya za Suratul-Layl juu ya anayetoa na anayefanya ubakhili. Hakuwaeleza maandishi yale na matendo yao vinakutana wapi. Aliwarudisha kwenye kazi.

Kisa kinachoonyesha hiari na kadari zikifanya kazi pamoja ni cha khalifa Umar na tauni. Umar alikuwa safarini kuelekea Sham, yaani Syria na nchi za jirani yake. Alipofika Sargh, makamanda wa jeshi wakampokea, mkubwa wao Abu Ubayda bin al-Jarrah, wakampa habari kwamba Sham kumeingia maradhi. Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, Waislamu waliohama kutoka Makka, wakatofautiana. Akawaita Ansari, watu wa Madina waliowapokea, nao wakatofautiana vilevile. Akawaita wazee wa Kikuraishi, hao wakaafikiana wote: rudi na watu wako. Akatangaza kwamba asubuhi wanarejea. Abu Ubayda akamuuliza, "Unaikimbia kadari ya Mungu?" Umar akasema laiti angelisema hayo mtu mwingine, kisha akajibu, "Naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu." Akampa mfano: ungekuwa na ngamia, ukashuka bonde lenye kingo mbili, moja ina majani na nyingine kame, si popote utakapochunga utakuwa umechunga kwa kadari ya Mungu? Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf, akasema amemsikia Mtume akikataza kuingia mji uliosikika una tauni, na kutoka kuikimbia iwapo imewakuta ndani.

Abu Ubayda alirudi Sham kwa watu wake, na tauni hiyo, inayojulikana kama tauni ya Amwas, ikamuua mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639. Wala sijui mwanazuoni aliyesema mmoja wao aliikosea imani. Umar alichagua kwa kutazama mbele, kwa habari alizokuwa nazo, na baada ya kuuliza watu. Aliyekufa akazikwa kwa kuridhia.

Hapa ndipo naona ufunguo wa jambo zima ulipo. Kadari ni ya kutazamia nyuma, pale msiba umeshapita na majuto hayaleti kitu. Hiari ni ya kutazamia mbele, pale jambo bado liko mikononi. Kuna hadithi ambamo Musa anamlaumu Adam kwa kuwatoa watu peponi, na Adam anamjibu kwamba anamlaumu kwa jambo lililoandikwa kabla hajaumbwa, akamshinda kwa hoja. Mwanazuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, ameeleza kwamba Adam hakujitetea kwa dhambi, maana hiyo alikwishaitubia. Alijibu kuhusu msiba. Mwizi anayesema "Mungu ndiye kanipangia" hapati kitu katika hadithi hii. Washirikina wa Makka walijaribu hoja yake, kwamba Mungu angetaka tusingeshirikisha, na Suratul-An'am, aya ya 148, ikawauliza kama wana elimu yoyote ya hilo waitoe.

Mipaka ya hiari iko mingi, na mingine ni rehema. Hukuchagua wazazi, kabila, wala siku ya kufa, na hayo hutaulizwa. Mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke, na mwenye wazimu mpaka apone, hao wameondolewa kalamu, yaani hawaandikiwi dhambi. Aliyelazimishwa naye ana udhuru. Ammar bin Yasir aliteswa Makka mpaka akatamka la ukafiri, na Suratun-Nahl, aya ya 106, ikamvua lawama kila aliyetenzwa nguvu na moyo wake umetua juu ya imani.

Mpaka mmoja ni mgumu zaidi kuueleza. Suratul-Baqara, aya ya 256, inasema hakuna kulazimishana katika dini. Abu Daud, mkusanyaji mwingine wa hadithi, amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba iliteremka pale baadhi ya Ansari walipowakuta watoto wao, waliolelewa Kiyahudi, wanaondoka na Bani Nadhir, kabila la Kiyahudi la Madina, wakataka kuwazuia. Wanazuoni wengi wa zamani wakaipokea aya hiyo kwa anayeingia dini, huku vitabu vyao vya fikihi vikiweka adhabu kali kwa anayetoka. Wapo wanazuoni wa leo wanaosema adhabu hiyo ilihusu uasi wa kivita, si kubadili imani peke yake. Mimi naona hoja yao ina nguvu, lakini msomaji ajue kwamba kauli ya wengi katika vitabu vya kale siyo hiyo.

Na pale ambapo neno "imeandikwa" linaumiza zaidi kwetu ni katika ndoa. Binti anaambiwa posa imekuja, huyo ndiye riziki yako, usimkatalie Mungu. Bukhari amepokea habari za Khansa bint Khidham, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza naye hataki. Akaenda kwa Mtume, na Mtume akaivunja ndoa ile. Kwa bikira wanazuoni wametofautiana: Mashafii wamempa baba nafasi ya kumwoza kwa masharti, Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, wakataka ridhaa ya aliyebaleghe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imetaka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Kwa hiyo binti anayesema hapana kabla ya nikaha hajapingana na kadari ya mtu yeyote. Haijulikani bado ni nani ameandikiwa, na walii, yaani mlezi anayemwoza, hana nakala ya maandishi hayo.